Kaseti ya Tatu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimelisema hilo mara nyingi barazani, na sasa naliandika, asije mtu akadai nilikuwa natania. Mtu aliyetoka Korogwe na darasa lake la saba, akatua Dallas na koti la kuazima, akaosha sahani miaka miwili kwenye mgahawa wa Wachina, kisha akafungua kampuni yake mwenyewe ya usafi, magari matatu, wafanyakazi kumi na mmoja, ashangazwe na nini tena? Nimeona theluji inaanguka mwezi wa tatu. Nimeona mwanamume mzima analia kwa ajili ya paka. Nimesaini mkataba wa kusafisha jengo la ghorofa kumi na nne, na Kiingereza cha mkataba ule sikukielewa hata nusu, na jengo likang'aa. Kwa hiyo nikisimulia habari ya kaseti za mdogo wangu wa Houston, msomaji asidhani nilishangaa. Niliona wivu. Ni kitu kingine kabisa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mpira wa miguu Texas ulipatikana kwenye televisheni za Kihispania tu, na sisi tulikuwa tunaishi Garland, pembeni ya Dallas, Watanzania wachache, Wakenya wachache, na Wakongo waliokuwa wanaongezeka kila mwezi. Kila mwisho wa mwaka bingwa wa klabu za Ulaya na bingwa wa Amerika Kusini walikutana Japani, mechi moja tu, anayeshinda anabeba kombe la mabara mawili. Jioni ya Japani ni alfajiri ya Garland, tena katikati ya wiki. Huyu yuko ghalani anapanga maboksi, yule anamgeuza mzee wa watu kitandani, mwingine ndiyo anaingia barabarani. Nani aangalie?

Basi nilikuwa naangalia mimi. Maana yake, nilikuwa narekodi. Jumamosi baada ya saa sita mchana watu wanakuja kwangu, mke wangu amepika pilau, viatu vinajaa mlangoni mpaka mlango haufungi, na kaseti inaingia. Tulikuwa na sheria: tangu siku ya mechi mpaka Jumamosi hakuna kuuliza matokeo. Ukiyajua, yameze. Haikuwa sheria ngumu, maana magazeti ya pale yalijaa mpira wao wa kushika mkononi, na hakuna mtu kazini ambaye angekutajia mechi ya Japani hata kwa bahati mbaya.

Mimi nakaa kwenye kochi la katikati, rimoti mkononi. Natafsiri Kihispania cha mtangazaji, nilichojifunza kwa Wamexiko niliowaajiri. Ni Kihispania cha ndoo na fagio, lakini goli ni goli. Halafu natabiri.

"Mtazameni huyo namba saba," nasema taratibu, natafuna. "Mwacheni tu. Ataingia ndani, atapiga na mguu wa kushoto."

Namba saba anaingia ndani, anapiga na mguu wa kushoto, wavu unatikisika. Nyumba nzima inapiga kelele. Jirani yangu Mkongo, mtu wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa anafanya kazi ghalani, alikuwa anajishika kichwa kwa mikono miwili, akiniita yaya, maana yake kwao kaka mkubwa.

"Yaya, macho yako iko namna gani? Unaonaka mbele!"

Waliniita Mtabiri. Mpaka wake zao, mpaka watoto wao waliokuwa wakijibu kila kitu kwa Kiingereza, jina hilo walilisema kwa Kiswahili. Nilikuwa na fedha kidogo na magari matatu, lakini nikisema kweli, kitu nilichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho kilikuwa kile: Jumamosi moja kwa mwaka, sebule imejaa, na macho ya watu yanatoka kwenye kioo yanakuja kwangu.

Na nitasema lililobaki, kwa kuwa limeshajulikana. Kaseti ile nilikuwa nimeshaiona. Alfajiri ileile inaporekodiwa nilikaa mbele ya televisheni, sauti nimeizima, mke wangu amelala chumbani. Ijumaa naiona tena, naweka akilini dakika za magoli. Ni dhambi? Fundi hupima ukuta kabla hajapaka rangi. Mimi nilikuwa napima.

Sasa huyo mdogo wangu. Hatukuzaliwa tumbo moja, wala ukoo mmoja. Alikuja kusoma akiwa na miaka yake thelathini, hana pa kufikia, na mtu wa nyumbani akanipigia simu kuniomba nimpokee. Nilimpokea. Alilala kwenye kochi langu miezi saba. Nilimfundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya kanisa, Jumatatu asubuhi, kanisa likiwa tupu. Nilimpa ndoo na kitambaa akasafisha ofisi na wafanyakazi wangu, na alikuwa msafishaji mbaya kweli, anasimama katikati ya vyoo anasoma. Kusoma kule kukampa cheti cha maabara, cheti kikampa kazi ya hospitali Houston, akahamia Sharpstown, mtaa wa hukohuko. Akawa ananipigia simu kila Jumapili. Mwaka wa kwanza sauti ilikuwa ileile. Mwaka wa pili niliona imenenepa.

"Kaka," aliniambia Jumapili moja, "mwaka huu mechi ya Japani njooni muione kwangu. Wote. Nimenunua televisheni."

"Hata mimi ninayo."

"Hii ni ya inchi hamsini na mbili, kaka."

"Mlangoni imepitaje?"

"Waling'oa mlango."

Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa amemwambia kwanza Mkongo, na Mkongo amewaambia wote, na walikuwa wameshagawana nani alete nini. Na gari pekee la kubeba watu kumi lilikuwa lipi? La kwangu, la kampuni. Basi nikawa dereva wa kuwahamisha watu wangu mimi mwenyewe. Safari ya saa nne nzima barabarani, gari linanuka dawa ya sakafu, Mkongo anaimba nyimbo za kwaya, na mke wangu nyuma yangu amepakata beseni la sambusa mia mbili. Sambusa ambazo nyumbani kwangu hukaangwa Idi tu.

Alitupokea nje, akapokea beseni, akasema, "Shikamoo kaka," mbele ya watu, kwa heshima kabisa. Heshima ile nayo iliniudhi. Ndani kulikuwa na zulia jeupe. Nilisafisha mazulia miaka kumi, najua bei ya zulia jeupe, na najua mtu anayeliweka anataka kusema nini. Televisheni ilikuwa kama kabati la nguo. Watu wake wa Houston, waliotoka Gulfton na palepale Sharpstown, walikuwa wanamwita Dakta.

"Si daktari," nikawaambia. "Anapima mikojo ya watu."

Wakacheka. Yeye alicheka kuliko wote. "Kweli tupu! Na wa kwako, kaka, nitaupima bure."

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Niligeuka nikamwona mke wangu amejiinamia, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ni kicheko chake kile cha chini, ambacho nilidhani kinanijua mimi tu.

Sikujali sana, maana nilikuwa na mechi yangu mfukoni. Kaseti ya mwaka ule nilikuwa nimeiona mara tatu. Nilijua dakika, nilijua mguu. Nilikaa kwenye kochi kubwa bila kuambiwa kaa.

Akasimama mbele yetu. "Jamani, ya mwaka huu ipo, tutaiona baada ya kula. Kwanza tuone asili yake." Alikuwa ameshika kaseti, haina picha juu, ina karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Kazini kwake kulikuwa na mzee wa Uruguay, mlinzi wa mlangoni, mtu aliyekusanya mechi za zamani tangu ujana wake, na mzee huyo ndiye aliyemnakilia. Mechi za mwanzomwanzo za kombe lilelile, kabla halijahamia Japani.

"Enzi hizo," akasema, "bingwa wa Ulaya anacheza kwake mechi ya kwanza, halafu anavuka bahari anakwenda Amerika Kusini kucheza ya pili."

"Nyumbani na ugenini," akasema Mkongo. "Sawa na klabu za kwetu Afrika."

"Hapo umenena."

"Mtabiri!" mtu akaita. "Nani anashinda?"

Macho yakanijia, yote, kama Garland. Mechi hiyo ilichezwa nikiwa mtoto, sijaanza hata shule. Nilitakiwa niseme sijui. Lakini nilimwona mdogo wangu amesimama pale kwenye zulia lake, anatabasamu, na ulimi ukanitangulia.

"Ulaya," nikasema. "Na nikikosa, basi mwaka kesho mpira utaangaliwa hapahapa Houston, na nitawaleta mwenyewe. Nikipata, Garland mpaka tufe."

"Kaka, hakuna haja ya kuwekeana hivyo."

"Haja ipo. Weka kaseti."

Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, inatetemeka, na sauti ilikuwa mvumo tu. Basi akaizima kabisa, akachukua kikombe cha kahawa kama kipaza sauti, akaanza kutangaza. Wachezaji hatukuwajua, kwa hiyo alitugawa sisi uwanjani. Alitangaza kama redio ya nyumbani tulipokuwa wadogo, ile ya kubana masikio kwenye spika.

"Anaupata Mama Sambusa, wingi ya kulia, Mama Sambusa na mpira, anakwenda, amempita mmoja, watu wamesimama hapa uwanjani! Anampasia Mzee wa Kwaya, Mzee wa Kwaya anakosa, mpira unatoka, jamani, huyu bora angebaki kanisani!"

Mkongo alikuwa chini kwenye zulia anagaragara. Mke wangu alikuwa amepanda juu ya kiti. Mwanamke niliyeishi naye miaka kumi na nane, ambaye Jumamosi zangu zote alizimalizia jikoni, alikuwa amesimama juu ya kiti cha mtu anapiga kelele, "Pita naye! Pita naye!"

"Na kaka mkubwa?" mtu akauliza.

"Kaka mkubwa ndiye refa. Filimbi mdomoni, haoni kitu."

Nilicheka nao. Meno yalicheka. Kumbe mimi miaka yote ile niliwapa nini? Niliwapa goli kabla halijaingia. Huyu alikuwa anawapa mpira wenyewe wauchezee.

Lakini kaseti ya kwanza Ulaya walishinda, moja bila. Nikavimba. Kaseti ya pili, kule ng'ambo, Ulaya walitangulia kufunga, wakasawazishiwa, wakafungwa la pili. Mbili moja. Filimbi ya mwisho.

Mimi hesabu sikuisoma mbali, lakini hesabu ya mpira naijua kama jina langu. Kila aliyekua Afrika akisikiliza klabu zetu redioni anaijua. Jumla mbili mbili. Na Ulaya wana goli la ugenini. Nilisimama.

"Goli la ugenini! Kombe limekwenda Ulaya! Nilisema au sikusema?"

Nilizunguka chumba kizima nikishikana mikono. Nilimpa mkono Mkongo, nikawapa watu wa Gulfton nisiowajua, nikamshika mdogo wangu bega nikamwambia pole, televisheni yako ni nzuri lakini mwaka kesho ni Garland. Aliniacha nimalize mzunguko wote. Aliniacha mpaka nikakaa, nikakunja nne.

"Kaka," akasema kwa upole, "zamani zile magoli hayakujumlishwa."

"Hayakujumlishwa kivipi?"

"Huyu kashinda moja, huyu kashinda moja. Wako sawa. Wanacheza ya tatu, kwenye nchi nyingine." Akainua kaseti ya tatu.

Kila mtu mle ndani alikuwa amejumlisha kama mimi, nasema kweli, niliona kwenye nyuso zao. Ila wao walijumlisha kimya.

Mechi ya tatu haikuwa mpira. Watu walipigana mateke, wakatemeana mate, polisi wakaingia uwanjani, refa akatoa wachezaji mmoja baada ya mwingine mpaka hatukujua amebaki nani. Mdogo wangu alitangaza mpaka sauti ikakauka. Kisha jamaa mmoja wa Amerika Kusini akapiga kutoka mbali, na ukawa ndio mwisho. Chumba kizima kilikuwa wima. Hakuna aliyenicheka. Wangenicheka ningejua la kufanya, mimi kuchekwa nimekuzoea tangu kwenye masinki ya Wachina. Walikuwa wamenisahau tu.

Baada ya kula ikawekwa mechi ya mwaka ule, ile niliyoijua. Nilikaa nimefunga mdomo. Dakika zikasogea, goli likakaribia, na ulimi ukaniwasha kama nimekula magimbi mabichi. Sikuweza.

"Angalieni upande wa kushoto," nikasema. "Sasa hivi."

Likaingia, upande wa kushoto. Hakuna aliyepiga makofi. Mkongo alinigeukia polepole, hana ubaya usoni, anafikiri tu.

"Yaya," akasema, "hii ya sasa unaijua. Ile ya zamani haukuijua."

Mtangazaji wa Kihispania peke yake ndiye aliyekuwa anapiga kelele.

"Mwacheni," mke wangu akasema. Hilo neno liliniuma kuliko lote la siku ile.

Tulilala palepale, tukarudi Jumapili. Jikoni Garland nilimwuliza mke wangu tangu lini alijua.

"Tangu kaseti ya kwanza," akasema, anaosha beseni. "Mwanga wa televisheni unapita chini ya mlango."

"Na hukusema."

"Ulikuwa unafurahi."

Mwaka mzima niliubeba wivu ule kama mtu anayetembea na kijiwe kwenye kiatu kwa ukaidi. Mdogo wangu alipiga simu Jumapili zake, nikawa namjibu kwa ndiyo na hapana. Mechi nyingine ilipokaribia nikamwambia gari limeharibika, hatutafika. Gari lilikuwa zima kama mimi. Kisha nikaenda dukani nikanunua televisheni ya inchi hamsini na tano, nikawatangazia watu: Jumamosi, kwangu, kama zamani. Ahadi ya Houston hakuna aliyenikumbusha. Waliona haya kwa niaba yangu.

Walikuja wanne. Mkongo na mkewe, na Wakenya wawili waliokuwa na njaa. Kaseti sikuwa nimeitazama, naapa. Nilitafsiri kwa bidii, nikarukaruka kidogo. Mkongo akapiga miayo, akafunika mdomo kwa adabu.

"Kule kwa mdogo yako," akasema kama anayejisemesha, "miye nilikuwa nacheza."

Mke wangu alitoka jikoni. Simu ya ofisi ilikuwa ukutani pale sebuleni, ile yenye spika, ambayo napokelea wateja.

"Mpigie," akasema.

"Nimpigie nani? Houston ni simu ya mbali, wanahesabu kila dakika."

"Mpigie, baba."

Nilimtazama. Halafu nikatazama kochi, lina watu wanne na nafasi ya wanane. Nilisimamisha kaseti. Namba zile nilizibonyeza kwa kidole kizito, na nilikuwa naomba asiwepo.

Alipokea mlio wa kwanza. "Kaka! Gari limepona?"

"Bado."

"Basi, Mungu mkubwa. Nimekaa hapa na sufuria la watu kumi na tano. Nilipika, nikasema labda litapona."

Nikamwuliza kama mechi anayo. Anayo, amerekodi kituo kilekile. Nikamwambia kuna watu hapa wanataka kucheza.

Hakuuliza maana yake. "Rudisheni mwanzo," akasema. "Nikifika tatu, bonyeza."

Tulibonyeza, lakini yake ilikuwa inatangulia yangu kidogo. Sauti inasema mpira umetoka, na kwetu mpira bado uko mguuni. Watu wakaanza kulalamika. Ningeweza kuacha hivyo, iharibike, tukate simu. Nilipiga magoti mbele ya televisheni yangu mpya, nikapeleka mbele, nikarudisha nyuma, nikasikiliza, nikasogeza tena, mpaka sauti yake na mguu wa mchezaji vikagusana. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko mkataba wowote niliowahi kusaini.

"Nani yupo?" akauliza. Wakajitaja kwa kelele. Akawagawa. Mkenya mmoja alikimbia kuita wenzake wa ghorofa ya chini ya jengo letu, na kabla ya mapumziko viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Mke wangu alikuwa wingi ya kulia. Mkongo alikuwa golikipa, na alipofungwa aliomba msamaha kwenye simu.

Mimi nilikaa chini, karibu na simu, nikaushikilia waya wake usije ukakanyagwa. Wivu haukuondoka, nisidanganye. Kila walipocheka ulinichoma palepale. Lakini walikuwa wanachekea kwangu. Muda wa mapumziko hatukukata, tulimsikia anakula peke yake, na mke wangu akamwuliza wali umeivaje. Mechi ikaisha, kombe likainuliwa, akaendelea kutangaza mpaka wachezaji wa mwisho walipoingia ndani, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwaheri. Na gharama ya siku ile naijua: televisheni siihesabu, ile ningeinunua tu. Simu ile ilikwenda dakika mia moja arobaini na mbili, kwa senti kumi na mbili kila dakika: dola kumi na saba na senti nne.